Njia ya Bondeni: Kwa Nini Tunaomba Pesa za Kutembea kwa Miguu

Maneno yaliyosomwa na mhasibu wa chama kwa niaba ya kamati ya fedha, kwenye chakula cha jioni cha harambee, Dar es Salaam



Mmezoea kutuona sisi wa kamati ya fedha tukisimama kusoma mapato na matumizi huku ninyi mkiangalia mlango wa jikoni. Safari hii hesabu za mwaka zimechapwa kwenye kijarida mlichopewa mlangoni, kwa hiyo hatutazisoma. Tumeomba dakika hizi kueleza ombi moja ambalo limetuletea ubishi ndani ya kamati yenyewe. Tunaomba shilingi milioni 18, na safari hii si za darasa, wala zahanati, wala madawati. Ni za njia ya miguu.

Tunajua mnachofikiri. Hata sisi tulifikiri hivyo.

Mwezi wa Julai mwaka jana tulikuwa tisa, wanachama na watoto wetu wakubwa wawili, tukapanda basi Mbagala Rangi Tatu alfajiri kwenda nyumbani. Hatukwenda msibani wala harusini, na wengi wetu hatukumbuki mara ya mwisho tulipokwenda kusini bila msiba au harusi. Tulikwenda kutembea. Wazo lilitokana na kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa amerudi kutoka Lushoto, ambako alitembea siku tatu milimani na wenzake wa kazini, wakalala vijijini, wakalipa, wakarudi wakisifia Irente kama vile wamevuka bahari. Akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: kwa nini analipa kutazama bonde la watu wa Tanga, na bonde la kwao hajawahi kulishuka?

Wazee mnaokumbuka kivuko cha Ndundu mtatucheka tukisema safari ilikuwa rahisi. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mvua ikinyesha Rufiji ulikuwa unakula Krismasi yako njiani. Sisi jua lilipozama tulikuwa tumeshaipita Ndanda, pale chini ya ukingo wa uwanda ambapo Wabenediktini walianza misheni mwaka 1906, na usiku tukalala Masasi.

Masasi tuseme kidogo tu, maana kesi yetu iko Newala. Wengi tumekua tukiyaona yale majabali yaliyosimama peke yake kama mabunda ya mawe yaliyosahauliwa na wenyewe, Mtandi, Mkomaindo na mengine, bila kujiuliza kama mtu anaweza kuyapenda. Tulipanda moja asubuhi na vijana wawili wa pale. Ukiwa juu unaona namna nchi ilivyo: tambarare yenye mawe yaliyochomoza huku na huku, na upande wa mashariki ukingo wa uwanda wa Makonde umelala kama ukuta. Tulikumbushana kwamba watu waliokombolewa utumwani, walioletwa na Askofu Steere mwaka 1876, walifika hapa kwa miguu kutoka Lindi. Walikuwa wanaelekea mbele zaidi, wakaona pale panafaa, wakabaki. Miaka sita baadaye Magwangwara walipowavamia, sehemu ya misheni ilihamia Newala. Kwa hiyo historia ya wilaya zetu mbili ni historia ya watu wenye mizigo kichwani wanaotembea kati ya mawe na uwanda. Sisi tulikodi Noah.

Newala wenyewe mnaijua. Mji uko ukingoni kabisa mwa uwanda, upande wa magharibi, mahali uwanda ulipo juu zaidi kabla haujaanza kuteremka polepole kuelekea baharini. Julai upepo wa jioni pale unamfanya mtoto wa Dar es Salaam avae soksi kitandani. Unatembea kutoka mjini dakika chache, nchi inaisha. Ndipo panapoitwa Shimo la Mungu. Chini yako kuna bonde, mbele yake nchi ya Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Siku hewa ikiwa safi unayaona majabali yakielea kwenye ukungu wa asubuhi. Kati yetu tisa walikuwamo waliofika Kilimanjaro hadi kambi ya pili na waliofika maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, na wote walinyamaza. Mmoja tu alisema: "Na hapa hamna hata benchi."

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Siku ya nne tulishuka bondeni kwa njia ya zamani ya maji. Wazee hamhitaji maelezo, lakini vijana wetu wengi hawajui kwa nini kuna njia ya maji inayoshuka ukingo mzima. Juu ya uwanda udongo ni wa mchanga, mvua inanyesha vizuri na inazama yote, haikai. Maji hutokea chini, miguuni mwa ukingo. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja mtaalamu wa mila za watu, Karl Weule, alikaa Newala wiki kadhaa, akashangaa kwa nini Wamakonde wanaishi juu ya mlima mkavu na maji yako bondeni. Jibu ni kwamba juu palikuwa na usalama. Vichaka vya uwanda vilikuwa vizito, na wavamizi hawakupenda kuingia. Usalama huo ulikuwa na bei yake, na waliolipa ni wanawake, kila siku, kwa shingo na magoti. Tangu miaka ya 1950 maji yanasukumwa kwa mitambo kutoka bondeni kuja juu, na mambo yamebadilika sana. Lakini pampu huharibika, umeme hukatika, na siku hizo njia ya zamani hupata watu wake tena.

Sisi tulishuka saa moja asubuhi tukiimba. Kushuka ni kitu cha udanganyifu sana. Tulikuwa na kijana mmoja wa kutuonyesha njia, tuliyempata jioni ya jana yake mbele ya duka. Kila mtu alikuwa na chupa moja ndogo ya maji. Bondeni tulipokelewa vizuri, tukapikiwa ugali wa muhogo na kisamvu, tukauziwa ming'oko ya kuchemsha, tukapiga picha nyingi, na kuanza kupanda ikawa saa sita mchana. Aliyepanga ratiba ile ni kamati ya fedha, tunakiri.

Katikati ya mlima mwenzetu mmoja, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sukari, alikaa chini na hakuweza kusimama. Akaanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Chupa zote zilikuwa tupu. Kijana wetu wa njia hakuwa na simu yenye salio, na sisi tuliokuwa na salio hatukuwa na mtandao. Hatukujua kama tumpandishe au tumshushe. Tulikuwa watu tisa wenye shahada sita, na hakuna aliyejua la kufanya zaidi ya kumpepea kwa kofia.

Akatokea mama mmoja wa makamo anatoka chini, ndoo ya lita ishirini kichwani. Mtaani kwao bomba lilikuwa halijatoa maji siku ya nne. Hakuuliza maswali mengi. Alishusha ndoo, akamlowesha mgonjwa kichwa na kifua, akamnywesha kidogo kidogo kwa kikombe alichokuwa amekifunika juu ya ndoo, akamtoa mtoto wetu mmoja biskuti mkononi na kumpa mgonjwa. Baada ya muda mwenzetu akaanza kuuliza tuko wapi. Sote tukanywa. Tulipotazama ndani ya ndoo, maji yalikuwa yamebaki chini ya nusu.

Mmoja wetu akatoa noti ya shilingi elfu kumi. Mama akaitazama, kisha akasema: "Wanangu, maji ya njiani hayauzwi." Akamimina yaliyobaki kwenye chupa zetu, akageuka, akaanza kushuka tena na ndoo tupu.

Kijana wetu aliyezaliwa Mbagala, yule wa Lushoto, akamfuata. Alipanda na ile ndoo yeye mwenyewe, begani maana kichwani ilimshinda, akapumzika mara saba kwa hesabu yake, na nusu ya maji yakamwagikia mgongoni. Mama alikuwa anamsubiri kila kona akicheka. Walipofika juu jua lilikuwa linaanza kulala. Hajatuambia mengi kuhusu safari ile, ila tangu siku hiyo akifungua bomba nyumbani kwao analifunga mapema.

Tuliporudi Dar es Salaam tulifanya kile tunachokijua, tukakaa na risiti. Safari yote ya watu tisa kwa siku tano iligharimu shilingi 2,700,000. Basi kwenda na kurudi lilichukua 720,000. Noah 600,000. Nyumba za kulala wageni 900,000. Vyakula vya hotelini, vinywaji na maji ya chupa 412,000. Zikabaki 68,000. Hizo ndizo zilizofika kwenye mikono ya watu wa ile njia: kijana wa kutuongoza 30,000, chakula cha bondeni 30,000, ming'oko 8,000. Katika kila shilingi mia tulizotumia kwenda kuliona bonde, watu wa bonde walipata mbili na nusu. Na aliyetufanyia kazi kubwa kuliko wote hayumo kwenye hesabu kabisa.

Tulipoileta hoja ya njia kwenye kamati, mzee wetu mmoja aliomba tumsikilize akiwa amekaa, maana angesimama angekasirika. Alisema: "Mama yangu alipanda ile njia miaka thelathini. Hakuna hata siku moja mtu alimwambia anafanya utalii. Leo mnataka kuiwekea vibao?" Kikao kilikufa pale. Tulirudi wiki mbili baadaye, na ombi tunalolileta usiku huu limetengenezwa kwa maneno yake. Yeye mwenyewe ameliwekea saini, ingawa alisema anaiweka kwa mkono wa kushoto.

Jambo la kwanza analotaka, na tumelitanguliza, ni maji. Shilingi 5,200,000 ni za matangi mawili ya lita elfu tano, paa la mabati la kuvunia mvua na msingi wake, pale njia inapoanzia juu. Maji yale ni ya kila anayepita, mwenye ndoo kwanza, mwenye begi la mgongoni baadaye. Hatudanganyi kwamba matangi mawili yatamaliza shida ya maji ya Newala. Yatampunguzia mtu safari moja siku bomba likikauka, kama mvua ilinyesha na kama watu hawakuiba koki.

Shilingi 4,300,000 ni za ngazi za mawe na vishikio kwenye sehemu mbili ambako ukiteleza hakuna wa kukudaka. Mawe yapo pale pale; pesa hiyo karibu yote ni ujira, na ujira uende kwa watu wa vijiji vya njiani. Hatutapeleka mkandarasi kutoka Dar es Salaam. Shilingi 3,600,000 ni za kuwafundisha vijana wanane huduma ya kwanza na kazi ya kuongoza wageni, pamoja na leseni zao, maana Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka mwongoza watalii awe na leseni, na hatutaki vijana wetu wakimbizwe kama wezi kwenye mlima wa babu zao. Tunataka angalau watatu wawe wasichana. Shilingi 1,200,000 ni za vibao vichache, masanduku ya dawa na machela. Mkiona machela moja ina bei, muulizeni mwenzetu wa mwaka jana. Shilingi 800,000 ni za dharura.

Zinabaki 2,900,000, na hizi ndizo zilizobishaniwa zaidi kwa sababu hazionekani kwa macho. Ni za kupima njia, kuichora, na kugharamia mikutano. Ndugu zetu, ile njia inafungwa. Korosho ina bei, mashamba yanapanuka, viwanja vinauzwa, na kila mwaka mtu mmoja anasogeza mpaka wake hatua tatu. Hakuna anayefanya kwa ubaya. Njia haina hati, basi haina mwenyewe. Wenzetu wa Uingereza waliona jambo hili mapema. Sheria yao ya mwaka 1949 ilizitaka serikali za mitaa kuchora kwenye ramani njia zote za miguu za umma, na leo mwenye shamba anajua mtu atapita hapo na hawezi kumzuia. Sisi tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayompa mwanakijiji sauti kupitia mkutano mkuu wa kijiji. Vijiji vya bondeni vikiiingiza njia kwenye mipango yao ya matumizi ya ardhi, itakuwa na karatasi. Kazi hiyo ni ya vikao vingi, soda nyingi na nauli za wazee, na ndiyo maana ina fungu lake.

Mtauliza mapato. Pendekezo ni kila mgeni alipe shilingi 30,000 kwa siku. Elfu kumi na tano ni za kiongozi wa njia, elfu kumi ni za mama lishe atakayempikia bondeni, elfu tano ni za mfuko wa kijiji. Chama hakichukui senti. Wapo waliotaka chama kichukue asilimia kumi "za usimamizi", na sisi wahasibu tulikuwa wa kwanza kukataa, kwa kuwa tunajua usimamizi unavyonenepa. Kitabu cha risiti kikae kijijini, na hesabu isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambao kisheria unakaa kila miezi mitatu. Kule Usambara, ambako matembezi ya namna hii yalianza kupangwa miaka ya 1990, sehemu ya ada huenda kwenye kazi za kijiji, kwa hiyo hatubuni jipya.

Msimu wake ni Juni mpaka Septemba. Mvua zimekwisha, baridi inasaidia. Lakini sababu yetu kubwa ni ya kimfuko. Miezi hiyo mkulima wa korosho yuko kwenye kupulizia salfa na hana kitu mkononi. Minada ya MAMCU na TANECU bado iko mbali, pesa ya korosho itaingia kuanzia Oktoba na kuendelea. Shilingi elfu kumi ya Julai si sawa na elfu kumi ya Desemba. Na Oktoba tukiwataka vijana watuongoze hatutawapata, wako chini ya mikorosho.

Kuna masharti ambayo watu wa kule wametupa, na sisi tumeyaandika kama walivyosema. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa kwenye majani na upepo umetulia, basi kiongozi wa njia aulize kwanza shamba gani linapulizwa, asituingize kwenye moshi wa njano. Wakati wa jando na unyago kuna vichaka ambavyo mgeni hapiti hata akiwa na stakabadhi tatu, na hataelezwa sababu. Na picha ya mwanamke mwenye ndoo haipigwi bila ruhusa yake. Hilo la mwisho liliongezwa na yule mama mwenyewe, tulipomtafuta kumshukuru. Tulimpelekea khanga, akazipokea, akauliza kama mgonjwa alipona, kisha akauliza ni nani aliyempiga picha mgongoni.

Tulikuwa tumeshaifuta, lakini tulinyamaza kwanza.

Fomu za ahadi ziko juu ya meza zenu chini ya sahani, rangi ya kijani. Atakayeahidi atapata risiti usiku huu huu, na atakayetoa fedha taslimu asiondoke bila risiti hata kama anamwamini mweka hazina. Matembezi ya Julai mwaka huu tunachukua watu kumi na wawili tu, tutaanza kushuka saa kumi na mbili na kuwa tumerudi juu kabla ya saa tano, na kila mtu atabeba lita mbili za maji. Wa kwanza kujiandikisha ni yule mwenzetu wa mwaka jana. Tumemwandikia lita tatu, na biskuti.